Ulaghai wa barua pepe

Ulaghai wa barua pepe ni utapeli ambao mtu hutuma barua pepe akijifanya benki, mwajiri, chuo, idara ya serikali au mtu anayefahamika kwa mpokeaji. Lengo lake ni kumfanya mpokeaji atoe nywila, namba ya siri, taarifa zake binafsi au fedha, au afungue faili lenye programu hasidi. Ulaghai huu hautegemei sana ufundi wa kuvunja mitambo ya kompyuta. Mlaghai havunji mlango. Humwomba mwenye nyumba ufunguo, naye mwenye nyumba huutoa kwa sababu anaamini kwamba anayeuomba anastahili kupewa.

Kwa hiyo kinga yake kuu si mashine bali ni desturi: ombi lolote la siri au fedha lihakikiwe kwa njia ambayo mpokeaji aliijua kabla barua haijafika, wala si kwa kiungo au namba ya simu iliyomo ndani ya barua hiyohiyo.

## Jina

Kwa Kiingereza ulaghai huu huitwa phishing, neno lililoundwa kwa kubadilisha tahajia ya neno lenye maana ya kuvua samaki. Barua ni chambo, kiungo ni ndoana, na mvuvi hutupa ndoana nyingi akijua kwamba samaki wachache tu wanamtosha. Kwa Kiswahili hutumika pia majina hadaa ya mtandaoni, utapeli wa mtandaoni na wizi wa taarifa. Ulaghai wa namna hiyohiyo hufanywa kwa ujumbe mfupi wa simu (SMS), kwa kupiga simu na kwa WhatsApp.

## Historia

Barua ya uongo ni ya zamani kuliko kompyuta. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipokea barua zilizodai kwamba kuna tajiri aliyefungwa gerezani nchini Hispania, na kwamba atakayetoa fedha za kumtoa atagawiwa mali yake. Katika miaka ya 1980 barua za posta na faksi zenye hadithi kama hiyo zilienea kutoka Nigeria. Zilikuja kuitwa "419", kwa namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu.

Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mmoja, akitumia alama ya @ katika anwani. Katikati ya miaka ya 1990 wateja wa kampuni ya intaneti ya AOL nchini Marekani walianza kupata ujumbe kutoka kwa watu waliojifanya wafanyakazi wa kampuni hiyo na kuwaomba nywila zao. Ndipo jina la phishing lilipoenea.

Mwezi Mei 2000 kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilisambaa duniani kikiwa kiambatisho cha barua pepe iliyoonekana kuwa barua ya mapenzi. Jina la faili liliishia na herufi zilizoonyesha kuwa ni programu, lakini kompyuta nyingi zilizificha herufi hizo za mwisho, hivyo wapokeaji walidhani ni maandishi ya kawaida. Kilienezwa na udadisi wa watu zaidi ya ufundi wa aliyekiandika.

Matukio ya baadaye yalionyesha kwamba hata wataalamu hunaswa:

- Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania na wenzake walijifanya kampuni ya kutengeneza vifaa vya kompyuta na kutuma ankara za uongo kwa Google na Facebook. Kampuni hizo mbili zililipa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 5.
- Mwezi Februari 2016 wezi walijaribu kuhamisha karibu dola milioni 951 za Benki Kuu ya Bangladesh. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba kabla ya wizi huo wafanyakazi wa benki walitumiwa barua za watu waliojifanya waombaji wa kazi, zikiwa na kiungo cha kusoma wasifu wao.
- Mwezi Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton nchini Marekani, alipokea barua iliyojifanya onyo kutoka Google kwamba nywila yake imeibwa. Msaidizi wa kompyuta aliyeulizwa alishauri nywila ibadilishwe, na akatoa anwani sahihi ya Google. Hata hivyo kilichobofywa ni kiungo kilichokuwa ndani ya barua ya uongo. Ushauri wa kubadilisha nywila ulikuwa mzuri; njia iliyotumika ndiyo iliyowaponza.

## Kwa nini jina la mtumaji haliaminiki

Kanuni za msingi za kusafirisha barua pepe ziliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa na watumiaji wachache waliofahamiana. Hazikudai mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Hali hiyo inafanana na bahasha ya posta: mtu anaweza kuandika jina lolote upande wa nyuma, na bahasha itafika.

Baadaye ziliongezwa taratibu za ukaguzi. SPF hutaja ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la taasisi fulani. DKIM huweka sahihi ya kidijitali ndani ya barua. DMARC huieleza seva inayopokea ifanye nini na barua isiyopita ukaguzi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinazidai taratibu hizo kwa watumaji wa barua nyingi, ambao kwa Google ni wanaofikia barua 5,000 kwa siku.

Ukaguzi huo una mipaka. Huonyesha kwamba barua imetoka katika anwani iliyotajwa, lakini hauonyeshi kwamba mwenye anwani ni mwaminifu. Mlaghai akisajili anwani yake mwenyewe inayofanana na ya benki, au akiteka akaunti halisi ya mtu, barua zake zitapita bila kizuizi.

## Namna ulaghai unavyofanyika

Kwa kawaida kuna hatua nne.

1. Maandalizi. Mlaghai hukusanya anwani kutoka tovuti, mitandao ya kijamii au orodha zilizoibwa. Anayemlenga mtu mmoja husoma pia kuhusu kazi yake, wakubwa wake na wafanyabiashara wenzake.
2. Chambo. Hutunga barua yenye jambo linalogusa moyo: hofu ya akaunti kufungwa, tumaini la kazi au mkopo, heshima kwa mkubwa, au huruma kwa ndugu aliye mashakani.
3. Haraka. Barua huweka muda mfupi: "ndani ya saa 24", "leo kabla ya saa kumi". Haraka humnyima mpokeaji nafasi ya kufikiri na kuuliza wengine.
4. Mavuno. Mpokeaji huandika nywila katika tovuti ya uongo, hufungua kiambatisho au hutuma fedha. Mara nyingi mlaghai huitumia akaunti aliyoiteka kuwatapeli watu wengine walio katika orodha ya mawasiliano.

## Aina

Ulaghai wa jumla hutumwa kwa maelfu ya watu kwa maneno yaleyale. Mfano ni barua inayodai kwamba sanduku la barua limejaa na litafungwa.

Ulaghai wa kulenga huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja au ofisi moja, ukitaja majina na mambo ya kweli. Ni mgumu zaidi kutambua.

Ulaghai wa mabadiliko ya akaunti hulenga malipo kati ya muuzaji na mnunuzi. Mfano wa kubuni huonyesha madhara yake. Kikundi cha wakulima wa tangawizi katika Milima ya Upare, wilayani Same, kimekubaliana bei na mnunuzi wa Dar es Salaam kwa barua pepe. Mlaghai aliyekwisha kupata nywila ya katibu wa kikundi husoma mazungumzo yote kimyakimya kwa wiki mbili. Lori likishaondoka Same, humwandikia mnunuzi kwa anwani ya katibu mwenyewe: "Akaunti yetu ya zamani ina tatizo, tafadhali lipa katika akaunti hii mpya." Mnunuzi hulipa. Wakulima wametoa mzigo bila kupata fedha, mnunuzi ametoa fedha bila kumlipa aliyemdai, na kila upande unamshuku mwenzake. Simu moja kwa katibu, kwa namba iliyozoeleka, ingeokoa msimu mzima.

Ulaghai wa ada ya awali huahidi kazi, ufadhili wa masomo, urithi au zawadi, kisha hudai fedha kidogo za "fomu", "usajili" au "vipimo vya afya" kabla ya kuipata. Anayelipa huombwa ada nyingine, na nyingine tena.

Ulaghai wa kiambatisho hutuma faili linaloitwa ankara, risiti, wasifu au matokeo ya mtihani, ambalo likifunguliwa huingiza programu hasidi katika kompyuta.

## Katika Afrika ya Mashariki

Nchini Tanzania watu wengi walifahamiana na ulaghai wa kidijitali kwanza kupitia simu, si barua pepe. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na huduma kama hiyo za kampuni nyingine zikafuata. Fedha zilipohamia katika simu, matapeli walizifuata huko. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umejulikana sana hata umekuwa mzaha. Hutumwa kwa watu wengi kwa kubahatisha, ukitegemea kwamba miongoni mwao yupo ambaye kweli alikuwa anajiandaa kumtumia mtu fedha siku hiyo. Kanuni yake ni ileile ya barua pepe.

Hata hivyo barua pepe ina uzito wa pekee, kwa sababu imekuwa ufunguo wa akaunti nyingine. Simu janja nyingi za Android huunganishwa na akaunti ya Google. Anayesahau nywila ya Facebook, ya mfumo wa maombi ya ajira serikalini au ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu mara nyingi hutumiwa kiungo cha kuweka nywila mpya katika barua pepe yake. Anayeishika barua pepe ya mtu anaweza kubadilisha nywila za hizo nyingine zote.

Wanafunzi wamo hatarini kwa namna mbili. Kwanza, baada ya matokeo ya kidato cha sita husubiri habari za vyuo na za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), na anayesubiri habari kwa hamu huamini upesi barua inayoileta. Pili, wengi hawakufungua barua pepe yao wenyewe. Katika miji midogo na vijijini ni kawaida mwanafunzi kwenda katika duka la stesheneri, na mhudumu humfungulia anwani, humchagulia nywila na kuiandika katika karatasi. Pengine mhudumu hutumia nywila moja kwa wateja wengi, au huweka namba yake mwenyewe ya simu kuwa namba ya kurejeshea akaunti. Hata kama mhudumu ni mwaminifu, ufunguo wa mwanafunzi umebaki mikononi mwa mwingine, na katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi.

## Dalili

Hakuna dalili moja inayotosha, lakini barua yenye kadhaa kati ya hizi inastahili kushukiwa:

- Inaomba nywila, namba ya siri au namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu. Benki, kampuni ya simu au taasisi ya serikali haina sababu ya kumwomba mteja siri hizo.
- Inatisha au inaharakisha.
- Inaomba jambo lifanywe kwa siri, bila kumwambia mhasibu, mzazi au mwenzi.
- Jina linaloonekana ni la taasisi, lakini anwani yenyewe ni ya huduma ya bure au ya jina lisilohusiana nayo.
- Ina kiambatisho kisichotarajiwa, hasa cha faili linaloomba ruhusa ya kuendesha programu.
- Inaahidi kazi au mkopo na papo hapo inadai ada kwa namba ya simu ya mtu binafsi.
- Inataja mabadiliko ya akaunti ya malipo.

Zamani makosa ya lugha yalikuwa dalili kubwa, na barua nyingi za Kiswahili zilionekana wazi kuwa zimetafsiriwa na mashine. Dalili hiyo imedhoofika. Programu za akili bandia sasa zinaweza kuandika Kiswahili kinachosomeka vizuri. Barua isiyo na kosa la sarufi si uthibitisho wa ukweli wake.

## Kusoma anwani ya tovuti

Sehemu muhimu ya anwani ya tovuti ni jina la kikoa, yaani sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya "https://". Jina hilo husomwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Nchini Tanzania taasisi za serikali hutumia .go.tz, vyuo .ac.tz, na biashara nyingi .co.tz. Kwa mfano tovuti ya HESLB ni heslb.go.tz na ya Baraza la Mitihani la Tanzania ni necta.go.tz.

Mlaghai huweka jina la kweli mwanzoni na la kwake mwishoni. Chukua anwani mbili za kubuni:

- jinalabenki.co.tz/ingia
- jinalabenki.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia

Ya pili si ya benki. Mwisho wa kikoa chake ni "hakiki-akaunti.com", na maneno yaliyotangulia yamewekwa na mwenye kikoa hicho kwa hiari yake. Mbinu nyingine ni kubadilisha herufi: "rn" badala ya "m", tarakimu 1 badala ya herufi l, au sifuri badala ya O. Katika kioo kidogo cha simu tofauti hizo ni vigumu kuziona.

Alama ya kufuli katika kivinjari huonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa njiani. Haionyeshi kwamba mwenye tovuti ni mkweli. Hata tovuti ya mlaghai inaweza kuwa nayo.

## Kujikinga

Kuhakiki kwa njia nyingine. Hii ndiyo kinga ya kwanza. Barua ikidai kutoka benki, mpokeaji huifunga, kisha hupiga namba iliyo nyuma ya kadi yake au hufika tawini. Ikidai kutoka HESLB au chuo, huandika mwenyewe anwani ya tovuti katika kivinjari. Ikidai kutoka kwa mkubwa wa kazi au ndugu, humpigia kwa namba aliyokuwa nayo zamani. Kujibu barua yenyewe kwa kuuliza "ni wewe kweli?" hakusaidii, kwa kuwa atakayejibu ni yuleyule aliyeituma.

Nywila tofauti. Nywila ya barua pepe isitumike mahali pengine popote. Tovuti ndogo ikiibiwa orodha yake ya nywila, wezi huzijaribu nywila hizo katika barua pepe za wenyewe. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Programu ya kutunza nywila ina faida nyingine: huitambua anwani ya tovuti, na haitajaza nywila yenyewe katika tovuti ya uongo hata kama inafanana na ya kweli kwa rangi na nembo.

Uthibitisho wa hatua mbili. Mbali na nywila, akaunti hudai kitu cha pili: namba inayotumwa kwa SMS, namba inayotolewa na programu ya simu, au kifaa kidogo cha usalama. SMS ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini mlaghai anaweza kumwomba mtu namba hiyo na kuitumia papo hapo. Kifaa cha usalama ni imara zaidi kwa kuwa chenyewe hukagua anwani ya tovuti kabla ya kujibu. Mwaka 2018 Google ilieleza kwamba tangu ilipowapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 vifaa hivyo mapema mwaka 2017, hakuna akaunti yao ya kazi iliyotekwa kwa ulaghai huu.

Namba ya uthibitisho haigawiwi. Ombi la "nimekosea, namba ya tarakimu sita imekuja kwako, naomba unitumie" ni njia ya kuteka akaunti ya WhatsApp au ya barua pepe. Hutoka mara nyingi kwa rafiki wa kweli ambaye akaunti yake imeshatekwa.

Kumiliki akaunti yako. Aliyefunguliwa barua pepe na mtu mwingine anafaa kuingia kwa simu yake mwenyewe, kubadilisha nywila, kuweka namba yake ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti, na kuviondoa vifaa asivyovijua. Namba hiyo iwe hai: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na inaweza kupewa mteja mwingine, ambaye atapokea namba za uthibitisho zisizo zake. Anayetumia kompyuta ya dukani au ya shule hutoka katika akaunti kabla ya kuondoka, na hakubali kivinjari kihifadhi nywila yake.

Utaratibu katika ofisi na vikundi. Vyama vya ushirika, shule na vikundi vya akiba vinaweza kuweka kanuni mbili: mabadiliko ya akaunti ya malipo hayakubaliwi kwa maandishi peke yake bila simu, na malipo makubwa huidhinishwa na watu wawili. Kanuni hizo humlinda pia mhasibu, kwa kuwa humpa sababu ya kumkatalia "mkubwa" anayemharakisha.

Kusasisha programu. Simu na kompyuta zenye masasisho ya karibuni huziba mianya mingi ambayo viambatisho hasidi huitumia.

## Baada ya kunaswa

Aibu humfanya aliyetapeliwa anyamaze, na ukimya humpa mlaghai muda. Saa za kwanza ndizo zenye thamani zaidi. Hatua zinazopendekezwa ni hizi:

1. Kubadilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kisha kuviondoa vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti.
2. Kukagua mipangilio ya akaunti. Walaghai wengi huacha agizo la kupeleka nakala ya kila barua kwao, au hubadilisha namba ya kurejeshea akaunti, ili waendelee kusoma hata baada ya nywila kubadilishwa.
3. Kupigia simu benki au kampuni ya simu mara moja iwapo fedha zimetumwa, na kuomba muamala usimamishwe.
4. Kubadilisha nywila za akaunti nyingine zilizounganishwa na barua pepe hiyo.
5. Kuwaarifu watu walio katika orodha ya mawasiliano.
6. Kuihifadhi barua ya ulaghai badala ya kuifuta, pamoja na risiti za miamala, kwa kuwa ni ushahidi.
7. Kutoa taarifa kituo cha polisi na kupata namba ya RB, ambayo huenda benki au kampuni ya simu ikaihitaji katika ufuatiliaji.

Aliyerudishiwa akaunti anafaa kujihadhari na "msaidizi" anayejitokeza kuahidi kurejesha fedha zilizopotea kwa malipo. Mara nyingi huo ni utapeli wa pili kwa mtu yuleyule.

## Sheria na taasisi

Nchini Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Inahusu, miongoni mwa mengine, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kughushi kwa kutumia kompyuta, udanganyifu kwa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzitunza kwa usalama.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) husimamia kampuni za simu na intaneti. Ndani yake kipo kikosi cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT. Ujumbe wa simu wa kitapeli na namba iliyoutuma huripotiwa kwa kutumwa kwenda namba 15040. Mtu anaweza pia kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa kuwa matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. TCRA na wadau wake wameendesha kampeni ya elimu kwa umma yenye jina Sitapeliki.

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018. Kifungu chake cha 30 kililitaja kosa la phishing kwa jina na kuliwekea adhabu ya faini isiyozidi shilingi 300,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, ambayo inahusu pia udanganyifu wa kielektroniki.

Sheria hizi humfikia mkosaji akipatikana. Ugumu ni kwamba mlaghai anaweza kuwa nchi nyingine, akitumia seva ya nchi ya tatu na laini ya mtu asiyejua lolote, na fedha huhamishwa upesi kutoka akaunti hadi akaunti. Kwa sababu hiyo elimu ya watumiaji hubaki kuwa sehemu kubwa ya kinga.

## Tazama pia

- Barua pepe
- Intaneti
- M-Pesa
- Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania
- Nywila
- Programu hasidi
- Usalama wa kompyuta